Amri Haizalishi Umeme: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Dharura, Mgawo na Mvua

Mbukwenyi wasomaji. Barua za mwezi huu karibu zote zinagusa jambo moja: mvua zikija na upepo wake, au zisipokuja kabisa, nani ana mamlaka ya kuamuru umeme uendelee kuwaka? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inastahili. Kwa anayesoma safu hii kwa mara ya kwanza: nilikuwa mwendeshaji wa gridi, yaani mtandao mkuu wa nyaya unaosafirisha umeme nchini. Kazi yangu ilikuwa kusema laini ipi iwashwe na ipi izimwe. Nimestaafu, naishi Kikuyu hapa Dodoma.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi katika zahanati wilayani Chamwino. Umeme ukikatika usiku wa mvua tunawazalisha akina mama kwa tochi ya simu, na kukipambazuka nakimbilia friji la chanjo kutazama kipimajoto. Kaka yangu anaishi Houston, Marekani. Ananiambia Februari 2021, walipopigwa na baridi kali, serikali yao kuu ilitoa amri ya dharura mitambo iwake hata kama inavuka masharti ya mazingira. Je, serikali yetu ina mamlaka kama hayo? Na kama inayo, mbona huku kwetu hatuyaoni? (Muuguzi, Chamwino)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Kaka yako amekueleza kweli. Sheria yenyewe inaitwa Federal Power Act, ni ya mwaka 1935, na kifungu ni cha 202(c). Kinampa Waziri wa Nishati wa Marekani uwezo wa kuamuru mtambo uzalishe, laini ziunganishwe na umeme upelekwe mahali fulani, pale anapoona kuna dharura. Amri ya Texas ilitolewa tarehe 14 Februari 2021, baada ya ERCOT, chombo kinachoongoza gridi ya jimbo hilo, kuiomba. Mitambo iliyotajwa iliruhusiwa kuvuka viwango vya moshi kwa siku chache, na ERCOT ikatakiwa kutoa taarifa ya kilichofanyika. Amri ya namna hiyo, ikigongana na sheria ya mazingira, haiwezi kuzidi siku 90 bila kufanywa upya. Huandikwa, huwekwa hadharani, na mwananchi anaweza kusoma inaanza lini na inaisha lini.

Sasa nikwambie jambo ambalo pengine kaka yako hakulifikia. Pamoja na amri hiyo, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 za Texas zilikosa umeme, na idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Mitambo ilikuwa na ruhusa ya kuwaka, lakini mingi ilikuwa imeganda. Visima vya gesi viliganda, mabomba yakaganda, vipimo vya mitambo vikaganda. Wino wa waziri hauyeyushi barafu. Texas ilikwisha kuonywa baada ya baridi ya Februari 2011 kwamba mitambo ikingwe dhidi ya baridi, na onyo hilo halikufanywa lazima kisheria hadi watu walipokufa miaka kumi baadaye.

Kuna kisa kingine ndani ya kisa hicho, na mimi niliyefanya kazi ya kuzima na kuwasha laini ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Umeme ulipopungua, waongozaji walilazimika kuzima maeneo ili gridi nzima isianguke. Walikuwa sahihi. ERCOT yenyewe ilisema baadaye kwamba ilibaki dakika 4 na sekunde 37 jimbo zima lizimike, na kuliwasha upya kungechukua wiki au hata zaidi. Lakini kati ya laini zilizozimwa zilikuwamo zile zinazolisha mitambo ya kusukuma gesi, na gesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mitambo ya umeme. Sababu? Wenye mitambo hiyo ya gesi wengi hawakuwa wameandikishwa kwenye orodha ya wateja wasiozimwa. Aliyekuwa zamu alizima laini bila kujua anajikatia umeme wake mwenyewe. Hakuna mamlaka ya dharura yanayoweza kusahihisha orodha saa nane za usiku.

Nirudi nyumbani. Serikali yetu ina mamlaka, tena makubwa kuliko ya yule waziri wa Marekani. Ibara ya 32 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari, na maafa ya kimaumbile yamo kati ya sababu zinazotajwa. Akitangaza, anapeleka nakala kwa Spika, Bunge linaitishwa kabla ya siku 14 kupita, na tangazo haliendelei bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Muda wake ni miezi sita isipokuwa Bunge liongeze. Ipo pia Sheria ya Mamlaka ya Dharura ya 1986, na ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha yako kwa sababu inashuka kwenye kamati za mkoa, wilaya, kata na kijiji. Tope la mlima Hanang liliposhuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, kazi ya uokoaji ilifanyika bila Rais kutangaza hali ya hatari kwa nchi nzima. Majirani zetu wengine wamepita njia ya kutangaza: Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari 2024, ukame uleule ulioliacha bwawa la Kariba bila maji ya kutosha kuendesha mitambo. Afrika Kusini ilitangaza hali ya maafa kwa sababu ya mgawo wa umeme tarehe 9 Februari 2023, ikaifuta Aprili mwaka huohuo.

Unauliza mbona huku hatuyaoni. Kule Marekani mitambo ni ya makampuni mengi binafsi, kila moja na masharti yake ya leseni na ya mazingira, kwa hiyo serikali ikitaka kitu lazima iandike amri ya kisheria. Kwetu TANESCO, shirika la umeme, ni mali ya serikali. Waziri akitaka mtambo uwashwe hahitaji kifungu cha 202(c). Anaagiza, na agizo linatekelezwa. Ni haraka, na nyakati nyingine uharaka huo umetuokoa. Ila agizo la namna hiyo halina tarehe ya mwisho inayobandikwa ukutani, na wewe wa zahanati huna karatasi ya kusoma ujue umewekwa upande gani.

Ukitaka kuona mamlaka yetu ya dharura yalikojificha kwa miaka mingi, tazama kwenye mikataba ya kununua umeme. Mwaka 2006 ukame ulishusha Mtera, na Mtera ndilo bwawa linalotunza maji ya kituo cha umeme cha Kidatu. Serikali ikatafuta umeme wa haraka, na mkataba wa megawati 100 ukaenda kwa kampuni ya Richmond. Mitambo ilichelewa, mvua zikarudi kabla yake, mkataba ukahamia kwa Dowans. Bunge liliunda kamati teule chini ya Harrison Mwakyembe, taarifa yake ikasomwa hapahapa Dodoma, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Nilimfahamu fundi aliyekuwa akisikiliza kikao kile redioni huku machozi yakimtoka, kwa sababu alijua ni siku ngapi watu walikaa gizani wakisubiri mitambo ile. Mwaka 2011 yakajirudia kwa sura nyingine: ukame, mgawo mkali, Bunge likaikataa bajeti ya nishati mwezi Julai, na Agosti ukapitishwa mpango wa dharura wa kukodi na kununua umeme wa mafuta na gesi. Mikataba hiyo hubeba malipo ya uwezo, yaani mwenye mtambo analipwa mtambo ukiwaka au ukilala. Dharura ya miezi inazaa deni la miaka. Sheria ya ununuzi wa umma inaruhusu ununuzi wa dharura, na ni sawa iruhusu, maana bwawa haliwezi kusubiri zabuni. Ninachokitaka mimi, na nitakidai hadi nichoke, ni kwamba kila ununuzi wa namna hiyo utajwe unaisha lini na uwekwe wazi mapema, bila kusubiri ukaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndipo tujue.

Kwa zahanati yako basi, usisubiri mamlaka ya juu. Mwandikie meneja wa umeme wa wilaya, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa kamati ya maafa ya wilaya, ukitaja namba ya mita, jina la transfoma au namba iliyoandikwa kwenye nguzo yenu, idadi ya akina mama mnaowahudumia kwa mwezi, na kwamba chanjo zenu zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Omba jibu la maandishi kama laini yenu imo kwenye orodha ya kupewa kipaumbele. Halafu omba halmashauri paneli za jua na betri kwa ajili ya chumba cha kujifungulia na friji. Nasema hivyo kwa sababu hata ukiwa wa kwanza kwenye orodha, nguzo ikianguka bondeni usiku, mafundi hawatavuka korongo lililojaa maji hadi kupambazuke. Chamwino unaijua mwenyewe: mchanga mkavu miezi minane, na siku moja korongo linabeba ng'ombe.

SWALI: Mama, nina mashine ya kusaga Kibaigwa. Wakati wa ule mgawo wa mwishoni mwa 2023 mtaa wetu ulizimwa mchana kutwa, na ng'ambo ya barabara taa zinawaka. Watu wakasema kule anakaa mkubwa. Nani huchagua? (Msagishaji, Kongwa)

JIBU: Mara nyingi anayekaa kule si mkubwa, ni hospitali au pampu ya maji. Umeme haukatwi nyumba kwa nyumba. Unakatwa kwa laini, na laini moja ya kilovolti 33 au 11 inaweza kubeba wodi, baa, shule na nyumba mia kadhaa kwa pamoja. Wodi ikilindwa, baa nayo inawaka. Nawe ukiwa umeungwa kwenye laini isiyo na chochote cha lazima, utazimwa mara nyingi kuliko jirani hata kama mnaazimana chumvi.

Hata hivyo sitaki kuwaambia watu kwamba hakuna upendeleo duniani. Dawa ya uvumi ni ratiba. Gridi inatakiwa ikae kwenye hezi 50, yaani mapigo 50 ya umeme kwa sekunde. Mahitaji yakizidi uzalishaji, hezi zinashuka, na zikishuka sana vifaa vya kinga hukata laini vyenyewe bila kumuuliza mtu. Kukata huko kwa ghafla hakuna ratiba na sikulaumu yeyote kwa hilo. Lakini mgawo wa wiki nzima kwa sababu ya upungufu unaojulikana ni kitu kingine. Huo unaweza kupangwa, kubandikwa ofisi ya kata na kusomwa redioni: laini fulani, saa fulani mpaka saa fulani. Msagishaji akijua atakuwa na umeme kuanzia saa kumi na mbili jioni, atawaambia wateja waje na debe zao jioni. Asipojua, anapoteza siku na mteja analala njaa.

Ratiba ikivunjwa mfululizo, andika malalamiko ofisi ya umeme upewe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika nenda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambao makao yao makuu yako hapa Dodoma. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kusemea watu kama wewe na halikutozi kitu kukusikiliza. Peleka daftari lako la saa za kukatika. Daftari lina nguvu kuliko hasira.

Niongeze hili kwa wakazi wa mjini. Maji ya Dodoma yanatoka kwa sehemu kubwa kwenye visima vya Mzakwe, na visima vile vinasukumwa kwa umeme. Laini ya Mzakwe ikizimwa, kesho yake Nkuhungu, Chang'ombe na Area C ndoo zinapangwa foleni. Ndiyo maana nikasema kisa cha gesi ya Texas kinaniuma. Kwetu chombo ambacho hakipaswi kusahaulika kwenye orodha ni pampu.

SWALI: Shikamoo. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika, megawati 2,115. Kwa nini bado tunazungumzia dharura? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

JIBU: Marahaba. Furaha yako ni ya haki, na mimi nilifurahi mtambo wa kwanza ulipowashwa Februari 2024. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Mwezi uliofuata tukaona ambalo kizazi changu hakikuwahi kuliota: vituo vingine vya maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi.

Lakini tazama kalenda. Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, mabwawa yamejaa, mvua za El Niño bado zinanyesha, na nchi ikazimika usiku kwa hitilafu ya gridi. Hatukukosa maji. Kuzalisha ni jambo moja na kufikisha ni jingine, na hali mbaya ya hewa hupenda kushambulia pale pa kufikisha: nguzo ya mti iliyolowa na kuoza chini, upepo wa Dodoma unaogonganisha nyaya, radi inayopiga transfoma.

Jambo la pili ni mito. Mtera na Kidatu viko kwenye Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unaingia Rufiji, ambako ndiko lilipo bwawa jipya. Bwawa la Nyerere linapata pia maji ya Kilombero, na hiyo ni heri kubwa, ila bado mitambo yetu mingi ya maji inakunywa kutoka bonde moja. Oktoba 2015 ukame ulishusha umeme wa maji hadi takriban moja ya tano ya uwezo wake, na vituo vikazimwa. Ukame kama ule ukirudi tutakuwa na akiba kubwa zaidi ya maji na gesi zaidi, hatutakuwa pale tulipokuwa. Lakini mwanafunzi wa uhandisi asiniambie kwamba bwawa linamaliza suala la mvua.

Kwa mji wetu, njia ni kitu cha kutazama kuliko bwawa. Kwa muda mrefu Dodoma imelishwa kupitia uti wa mgongo unaotoka Iringa kuja Zuzu na kuendelea Singida hadi Shinyanga. Njia ya kilovolti 400 kutoka Chalinze ikifanya kazi, maana yake mji unalishwa kutoka pande mbili, na upande mmoja ukiangushwa na dhoruba, wa pili unabeba. Tangu 2024 treni ya umeme inaingia hapa kutoka Dar es Salaam. Wizara ziko Mtumba. Hospitali ya Benjamin Mkapa inapokea wagonjwa kutoka kanda nzima. Pesa ya dharura ningeiweka kwenye njia ya pili, kwenye nguzo za zege na kwenye transfoma za akiba zilizokaa bohari ya Dodoma tayari kupakiwa, kabla ya kuiweka kwenye mtambo wa kukodi. Transfoma iliyoko kwenye ghala la pwani haimsaidii mtu wa Bahi barabara ikikatika.

SWALI: Nina nyumba ya wageni na jenereta kubwa. Je, kwenye dharura serikali inaweza kulichukua? (Mfanyabiashara, Area D)

JIBU: Si kwa kuja tu na gari kulivuta. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Katika maafa ya kweli unaweza kuombwa au kutakiwa kisheria kusaidia, na kama jirani yako ni kituo cha afya mimi ningekushauri ukubali kabla hujaombwa mara mbili. Ila dai karatasi: nani amechukua, kwa sheria ipi, kwa muda gani, mafuta analipa nani, fidia inahesabiwaje.

Ambalo linanitia hofu zaidi ni jenereta hilo likiwa mikononi mwako mwenyewe. Kati ya waliokufa Texas wamo waliouawa na moshi: waliwasha jenereta au jiko la mkaa ndani ili wapate joto. Hapa kwetu usiku wa Juni na Julai watu bado wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Hewa ile haina harufu na mtu halalamiki, analala tu. Jenereta likae nje, mbali na madirisha ya wageni, hata kama mvua inanyesha. Lijengee kibanda kilicho wazi pande zote. Na uweke swichi ya kubadilishia, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Bila swichi hiyo, umeme wa jenereta lako unarudi kwenye laini ya mtaa, unapanda kwa transfoma hadi maelfu ya volti, na unamkuta fundi juu ya nguzo ambaye ameambiwa laini imezimwa.